Nani Aliyemfundisha Binti Yetu Kuichukia Ngozi Yake?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyeumba kila kitu akakifanya kizuri, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila inapozungumzwa habari ya mkorogo katika misikiti yetu, hotuba huwa ni ile ile. Khatibu huwasimamisha wanawake kizimbani, huwasomea makosa yao, huwataja kuwa ni wenye kubadilisha maumbile ya Allah, kisha hukimiwa Swala na watu wakatawanyika. Wanaume hutoka wameridhika, maana hapana neno lililowagusa. Akina mama walioko nyuma ya pazia hutoka wameinamisha vichwa. Na jioni hiyo hiyo duka la vipodozi lililo hatua chache kutoka mlango wa msikiti huuza kama lilivyouza jana.

Sisi nasi tumo katika lawama hiyo. Tumeandika mara nyingi juu ya mavazi ya mwanamke, wala hatukuuliza swali lililo kabla ya hilo: mwanamke huyu, ambaye Mola wake amemjulisha katika Suratut-Tiin kuwa mwanadamu ameumbwa kwa umbo lililo bora kabisa, amejuaje kuwa ngozi yake ni mbaya? Hakuzaliwa na habari hiyo. Yuko aliyempa. Leo tunakusudia kumtafuta mtu huyo, na tunatahadharisha mapema kwamba hatutamtafuta mbali.

HUKUMU HUTOLEWA NYUMBANI

Mtoto wa kike huzaliwa. Hata akika yake haijachinjwa, wanawake wa nyumba humgeuza kichwa wakamtazama ncha za masikio na mizizi ya kucha, wapate kujua atakuwa wa rangi gani akikua. Weusi ukionekana, husikika mmoja akisema, “Si kitu, maadamu ni mzima.” Mama mzazi hufarijiwa kana kwamba amefikwa na msiba mdogo.

Mtoto akianza kukimbia, dada yake mwenye rangi ya maji ya kunde huitwa “mzungu wangu,” naye huitwa Cheusi. Tazameni jina hilo: limetolewa katika ngeli ya vitu, si ya watu. Akifikia umri wa kuposwa, mama wa kijana huuliza kwanza, “Ni mweupe?” na suala la Swala yake na tabia yake likaja baadaye, likija. Siku ya harusi hupakwa poda usoni hata uso na mikono vikawa kama vya watu wawili. Akishazaa watoto watatu, mume humfanyia mzaha wa tumbo lake mbele ya rafiki zake, na rafiki zake wakacheka.

Basi siku dada huyu anapofungua kopo la mkorogo akiwa na umri wa miaka thelathini, ni nani aliyetia mkono wa kwanza katika kopo lile? Ni yeye peke yake? Au ni nyanya, shangazi, mama mkwe, mume, na sisi wote tuliocheka?

Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul-Hujuraat kudharauliana. Akawataja wanaume, kisha akawataja wanawake mbali, na akakataza kuitana kwa majina mabaya. Na wapokezi wa hadithi, Abu Daud na Tirmidhi, wametusimulia kwamba Aisha (R.A.) alimtaja Safiyya (R.A.) mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ufupi wa kimo chake. Lilikuwa ni neno dogo, la mke mwenza juu ya mke mwenza. Mtume (S.A.W.) hakulipuuza. Alimjulisha kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Ndugu zetu, ikiwa neno moja juu ya kimo cha mwanamke lina uwezo wa kuichafua bahari, je, maneno ya miaka thelathini yatamfanya nini binti mmoja? Mkorogo wa kwanza ni huo wa ulimi. Huu wa dukani ni wa pili.

AURA SI AIBU

Liko kosa jingine, nalo tunalifanya sisi tunaojinasibu na dini. Tumewafundisha mabinti zetu kuusitiri mwili, na hilo ni wajibu usio na shaka. Lakini wengi wetu tumelifundisha kwa lugha ya karaha, hata binti akafahamu kwamba anafunika kitu kichafu. Sheria haikusema hivyo. Kinachositiriwa ni kile chenye heshima na thamani. Aura ni hurma, si aibu.

Tazameni jambo la hedhi. Binti huipata ghafla, huambiwa anyamaze, afiche, asimguse huyu wala asikae pale, kama kwamba ametenda kosa. Mtume (S.A.W.) alimkuta Aisha (R.A.) akilia njiani kwenda Hija, kwa kuwa hedhi ilimjia walipofika Sarif. Hakumgeuzia uso. Alimliwaza kwa kumwambia kuwa hilo ni jambo ambalo Allah amewaandikia mabinti wa Adam, kisha akamfundisha atakavyoendelea na ibada zake, isipokuwa kutufu Al-Kaaba mpaka atwaharike. Naye ndiye ambaye, akiwa katika itikafu, alikuwa akimtolea kichwa chake ili amchane nywele hali yeye yumo katika hedhi. Hadithi hizi zimo katika Bukhari na Muslim, na tunazisoma katika mlango wa twahara. Mafunzo ya huruma yaliyomo ndani yake tunayapita kwa haraka.

Binti asiyewahi kusikia kwa baba yake wala mama yake kwamba mwili wake ni neema, atamsadiki mtu wa kwanza atakayemwambia kuwa ni mzuri. Na mtu huyo aghalabu huwa hana nia njema. Wazazi wanaodhani kwamba karaha itamlinda binti wanamwachia adui mlango wazi.

Na lile tumbo linalofanyiwa mzaha? Qur'ani imetuusia juu ya wazazi, ikaeleza kwamba mama humbeba mtoto kwa taabu na humzaa kwa taabu, udhaifu juu ya udhaifu. Michirizi ile ni alama ya kazi ambayo Mola ameitaja katika Kitabu chake kuwa ni sababu ya wema wetu kwa mama zetu. Anayeicheka kwa mkewe anacheka alama ambayo mama yake mwenyewe aliibeba kwa ajili yake.

NGAO INAYOTUPWA

Sasa natuseme juu ya mkorogo wenyewe, maana wengi wanaulaumu bila kuujua. Ni mchanganyiko wa krimu kadhaa, na ndani yake aghalabu mna kimoja au zaidi katika vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni, na dawa kali za jamii ya steroidi ambazo daktari huandika kwa maradhi ya ngozi na kwa muda maalumu. Vyote huzuia au hupunguza ile rangi ambayo ngozi huitengeneza. Nayo rangi hiyo haikuwekwa bure. Ni ngao ambayo Muumba amemvika mja wake dhidi ya miale ya jua.

Zebaki hupenya ngozi ikaingia damuni, ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni, na watoto wa nyumba hufikiwa nayo kwa kumgusa mama na kwa taulo na shuka. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huleta mabaka ya weusi uliochanganyika na buluu, mabaya kuliko kile kilichokimbiwa, na ni vigumu kuyaondoa. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachubuka kwa jambo dogo, na vidonda vikachelewa kupona. Ndiyo maana unamwona dada uso wake umekuwa mwekundu wenye chunusi, na vifundo vya vidole vyake vimebaki na rangi ile ile aliyoikimbia.

Lau tungekuwa wenye kuzingatia, tungewatazama ndugu zetu wenye ualbino. Wao hawakujaliwa ngao hiyo, na saratani ya ngozi huwaandama kwa ajili ya jua. Hutafuta kofia pana na mafuta ya kujikinga, na kila chupa ya mafuta hayo kwao ni uhai. Ajabu ya jamii hii! Yule aliyezaliwa na ngozi nyeupe tulimwita majina ya kumvunja, na katika miaka ya 2000 walikuwako katika nchi yetu waliomwinda na kumuua kwa ushirikina. Yule aliyezaliwa na weusi tukamwambia ajichubue. Basi hakuna ngozi iliyosalimika na ndimi zetu. Ugonjwa haumo katika ngozi hata moja kati ya hizo mbili. Umo katika jicho linalotazama.

Serikali hazikunyamaza. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 ukaanza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viwe vimekomeshwa ifikapo mwaka 2025. Hapa Tanzania usimamizi wa vipodozi, uliokuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Sheria hizo ni njema, na wajibu wetu ni kuziunga mkono. Lakini kopo likikamatwa bandarini na tamaa yake ikabaki moyoni, litapita kwa njia ya panya.

SOMO LA MWAKA 1968

Wazee wetu watakumbuka. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi Januari 1969. Zilipigwa marufuku minisketi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kwa hoja kwamba zinaudhalilisha utu wa Mwafrika. Yako katika madai yao tunayoafikiana nayo. Lakini ilikuwaje? Makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo, yakawashusha katika mabasi, yakawapiga na kuwachania nguo. Walidai kuulinda utu wa mwanamke kwa kumvua nguo barabarani!

Zaidi ya nusu karne imepita na mkorogo ungali nasi. Haukuondoka kwa kuwa vijana wale waliishika shingo ya mwanamke na kuliacha jicho la mwanamume. Pwani yetu ilipita katika biashara ya utumwa, kisha katika utawala wa kikoloni uliowapanga watu kwa rangi, na yote mawili yakatuachia mazoea ya kupima utukufu kwa rangi na nasaba. Hiyo ndiyo jahilia ambayo Mtume (S.A.W.) aliikanyaga katika hotuba yake ya kuaga, alipobainisha kuwa mweupe hana ubora juu ya mweusi wala mweusi juu ya mweupe, ila kwa ucha Mungu. Tunaikariri hotuba hiyo kila mwaka tukiwaambia Wazungu juu ya ubaguzi wao. Ni lini tutawasomea wajumbe wa posa?

SALMAN ALIZUNGUMZA NA NANI?

Salman al-Farisi (R.A.) alimzuru nduguye Abu Dardaa (R.A.), akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amejiachilia, amevaa nguo duni. Akamuuliza ana nini. Akajibu kwamba nduguye Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman hakusimama akamwaidhi mke juu ya usafi na mapambo. Alikaa na mume! Alikula naye, akalala kwake, akamzuia kuikesha usiku wote, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahali zake wana haki juu yake, ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimsadikisha Salman. Haya yamo katika Bukhari.

Huo ndio ufahamu wa Maswahaba. Walipoona mwanamke ameacha kuujali mwili wake, walimtafuta aliye karibu naye wakamuuliza. Sisi tunapoona ameanza kuuchubua mwili wake, tunampigia kelele yeye.

“JIPENDE” YA SOKONI NA SHUKRANI YA MUUMINI

Hapa atatokea wa kutuambia: nanyi sasa mmeingia katika mahubiri ya “jipende, jiamini” yanayotangazwa kila upande. La. Soko humwambia mwanamke asubuhi kuwa ana kasoro, likamuuzia krimu. Jioni humwambia ajipende, likamuuzia krimu nyingine. Penzi hilo halina mwisho ila fedha zinapokwisha, na mwenye kulifuata huishia kuiabudu nafsi yake au kuichoka.

Lakini tusiikatae haki kwa kuwa mchuuzi ameiiga. Muumini ameamrishwa kuujali mwili wake. Mtume (S.A.W.) alimbainishia Abdullah bin Amr (R.A.), aliyezidisha funga na kisimamo, kwamba mwili wake una haki juu yake. Na alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alijibu kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi dada anayejipaka liwa na singo, akatia hina na wanja, akafukiza udi nyumbani mwake kwa mumewe au kwa furaha yake halali, hana kibri. Mwenye kibri ni yule anayemdharau kwa rangi yake.

Mpaka ni huu. Kuipamba neema ni shukrani. Kuibadilisha kwa kuichukia ndiko kule alikoapa Iblisi kuwaamrisha wanadamu, kama ilivyotajwa katika Suratun-Nisaa. Na kutibu kasoro si kubadilisha maumbile: Arfaja (R.A.) alikatika pua vitani, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza atumie pua ya dhahabu. Mwenye ugonjwa wa ngozi na aende kwa daktari bila wasiwasi. Lakini weusi si ugonjwa, ufupi si ugonjwa, wala mwili wa mama aliyezaa si ugonjwa.

TUNAWATAKA NINI

Tunawataka maimamu na makhatibu, wakitaja mkorogo, waanze na safu ya kwanza ndipo wafike nyuma ya pazia.

Tunawataka wafanyabiashara Waislamu wanaoswali nasi na kuuza makopo hayo watambue kwamba dini yetu haikubali kudhuru wala kulipiza madhara. Sadaka ya mwezi haiitwaharishi bidhaa inayoharibu figo za wanawake wa mtaa mzima. Tunayasema haya tukijua kwamba baadhi yao ndio wachangiaji wakubwa wa misikiti yetu. Zulia tutalipata kwa njia nyingine.

Tunawataka waume waache mzaha wa mwili wa mke, na wasemao kwa moyo neno jema walitamke kwa ulimi. Wako wanawake walioolewa miaka ishirini ambao hawajalisikia.

Tunawataka mama na shangazi waliache sikio la mtoto mchanga. Waliite jina lake aliloitwa siku ya akika, si Cheusi.

Na wewe dada yetu, hatukuhukumu. Kama umo katika mkorogo, usijifiche kwa haya. Mwone daktari akuelekeze namna ya kuacha, maana krimu za steroidi zikiachwa ghafla ngozi huweza kuchafuka zaidi, na wengi hurudia kwa sababu hiyo. Kisha tunakukumbusha mwanamke mmoja. Ibn Abbas (R.A.) alimuuliza Ataa bin Abi Rabah kama amwonyeshe mwanamke miongoni mwa watu wa Peponi, akamwonyesha mwanamke mweusi. Mwanamke huyo alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshitakia kifafa kinachomwangusha hata mwili wake ukafunuka. Mtume (S.A.W.) alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba asifunuke, akaombewa. Imepokewa na Bukhari na Muslim.

Zingatia, dada. Hakuomba ngozi nyingine. Mwili wake ulikuwa na maradhi, naye hakuuchukia. Aliuombea stara, kwa kuwa aliona unastahiki stara. Na Ibn Abbas, mwanachuoni mkubwa wa umma huu, aliitaja rangi yake na Pepo yake katika maneno mamoja, bila kuona haja ya kusema “ingawa.”

Basi ukisimama mbele ya kioo asubuhi, mwambie Mola wako Alhamdulillah, na umwombe, kama alivyokuwa akiomba Mtume wako (S.A.W.), kwamba kama alivyolifanya zuri umbo lako aifanye nzuri na tabia yako. Dua hiyo huanza kwa kukiri kuwa umbo ni zuri. Ndivyo alivyotufundisha.

Wabillahi tawfiq.